Mtoto analia kila magharibi, mavyaa asema maziwa yangu ni mepesi

"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mzazi wa mara ya kwanza, naishi Kisauni. Mwanangu wa kiume ana wiki saba. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki iliyopita kliniki walimpima wakapata kilo 4.3. Mchana hana shida, lakini ikifika magharibi ni kulia na kutaka kunyonya kila dakika hadi saa nne usiku, na matiti yangu wakati huo yamelegea, nayahisi matupu. Mavyaa wangu asema maziwa yangu ni mepesi kama maji ya dafu, hayamshibishi. Siku nne sasa tunampa uji mwepesi wa mahindi jioni, na maji kidogo kwa sababu ya joto. Tangu mwanzo nepi analowesha saba au nane kwa siku. Baada ya wiki tano narudi kazini, niko hotelini Nyali, na naambiwa maziwa yaliyokaa kifuani siku nzima huchacha. Rafiki zangu wamehamia maziwa ya kopo. Jambo jingine: mamangu aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 44. Nimesikia kunyonyesha kunakinga, wengine wasema kunamaliza mifupa na kuangusha kifua. Je, kweli kuna faida kwa mtoto na kwangu mimi, au najichosha bure?"

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa uzazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: kilo 4.3, na nepi saba au nane. Jibu la hofu yako kubwa umelileta mwenyewe. Mtoto aliyetoka kilo 3.1 akafika 4.3 kwa wiki sita ameongeza kilo moja na gramu 200, yaani gramu 200 hivi kila wiki. Kwa umri wake sisi hutarajia gramu 150 hadi 200. Na uzani huo haukuletwa na uji, maana alipopimwa uji ulikuwa bado haujaingia nyumbani. Umetoka kifuani mwako wewe. Mkojo nao ni shahidi mzuri: mtoto asiyepata maziwa hana cha kukojoa, na anayelowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24 bila kupewa kitu kingine anakunywa vya kutosha.

Kwa hivyo mtoto wako hana njaa. Mbona basi analia?

Watoto wengi huanza kulia zaidi wakifika wiki mbili hivi, kilio hupanda, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua polepole hadi mwezi wa tatu au wa nne. Na saa yao wanayoipenda ni hiyo hiyo ya jioni. Wazee wetu wa Pwani hukiita chango, na hawakukosea kwamba kipo. Walikosea kidogo tu katika dawa yake. Watoto wanaonyonya hulia, wanaopewa maziwa ya kopo hulia, na wangekuwa wanaupata ule uji tangu kuzaliwa pia wangelia. Mtoto wa umri huu ameona mwanga na sauti mchana kutwa, ubongo wake umechoka na haujui namna ya kujituliza. Mahali pekee anapopajua pa kutulia ni kifuani mwako. Ndiyo maana ananyonya, anaacha, analia, anarudi. Anajiliwaza, na wakati huo huo anafanya kazi nyingine ambayo nitakueleza hivi punde.

Na matiti kulegea? Wiki za kwanza matiti hujaa na kuuma kwa sababu mwili bado haujajua mtoto anahitaji kiasi gani, unatengeneza kwa kubahatisha, na damu na maji huongezeka pale. Kufikia wiki ya sita au ya saba mwili umeshajifunza hesabu, na matiti hulainika. Akina mama wengi sana hutishika hapo hapo, wakidhani maziwa yamekatika, na bahati mbaya ndiyo wiki ile ile kilio kimefika kileleni. Mambo haya mawili yakikutana katika nyumba moja, uji huingia. Nimeliona hili miaka na miaka, kutoka Likoni hadi Mtwapa, hata mama akianza kusimulia mimi huwa nishajua mtoto ana wiki ngapi.

Sasa wepesi wa maziwa. Mavyaa wako ameyaona kwa macho yake na kweli yanafanana na maji ya dafu, hasa yale ya mwanzo wa kunyonyesha, yana hata ubuluu kidogo. Lakini tulichozoea kuita maziwa ni ya ng'ombe, na ng'ombe anamlea ndama. Ndama huongeza uzani wake mara mbili kwa siku hamsini hivi, anahitaji misuli na mifupa upesi, kwa hivyo maziwa ya mama yake yana protini mara tatu ya yako. Mtoto wa binadamu huchukua karibu miezi mitano kufika mara mbili. Kinachokua haraka kwake ni ubongo, na maziwa ya mama yana sukari ya laktosi nyingi kuliko ya karibu wanyama wote, pamoja na mafuta ya kujenga ubongo na neva. Takriban sehemu 87 kati ya 100 ni maji. Hayo maji ndiyo yanayomtosha mtoto katika joto la Mombasa. Watoto wanaonyonya tu wamepimwa katika nchi zenye joto kali kuliko letu na wakakutwa hawana upungufu wowote wa maji mwilini. Siku ya jua kali atanyonya mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi mfupi, na hiyo ndiyo namna yake ya kuomba maji.

Tena maziwa hayako namna moja muda wote. Titi likiwa limejaa, yanayotangulia ni mengi na mepesi, na kadiri linavyopungua mafuta huzidi. Jioni, titi lako likiwa laini na wewe unaliona tupu, anachopata ni kidogo kwa kila mnyonyo lakini kizito kuliko cha asubuhi. Basi yale maziwa unayoyadharau saa mbili usiku ndiyo yenye mafuta zaidi ya siku nzima. Mwache amalize titi moja vizuri kabla ya kumhamishia jingine.

Naomba unisikilize kwa makini hapa, maana ukilielewa hili utaweza kumjibu mtu yeyote atakayekuja na ushauri. Titi si mtungi unaojazwa ukaisha. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hutoa vichocheo viwili. Kimoja, prolaktini, huziambia chembe za titi zichote kutoka kwenye damu na kutengeneza maziwa. Hiki hupanda zaidi usiku, ndiyo sababu kunyonyesha usiku kunalinda maziwa ya kesho. Cha pili, oksitosini, hukamua vifuko vya maziwa ili yashuke. Hiki husumbuliwa na maumivu, aibu na wasiwasi. Mama aliyekaripiwa dakika tano zilizopita maziwa yake yapo, ila yanachelewa kushuka. Na ndani ya titi lenyewe mna breki: maziwa yakikaa bila kutolewa, chembe hupunguza kasi ya kutengeneza. Yakitolewa, breki huachia. Basi kile kilio cha jioni na kunyonya kila dakika ni mtoto anayeagiza maziwa ya wiki ijayo, kama mtu anayeweka oda sokoni Kongowea mapema.

Uji unafanya nini katika mpango huu? Unajaza tumbo lake dogo, analala, nyumba inatulia na kila mtu anasema, tuliwaambia. Lakini oda haikuwekwa. Titi limekaa bila kunyonywa saa tatu au nne, breki imeshika, na kesho maziwa yanapungua kidogo kweli. Kesho kutwa uji unaongezwa. Baada ya wiki tatu mama anakuja kliniki na maziwa yamekwisha, na nyumbani wanaamini kwamba hayakuwepo tangu mwanzo. Mara nyingi uhaba huo umetengenezwa na ile ile dawa ya uhaba. Tena kongosho la mtoto wa wiki saba bado halitoi kimeng'enya cha kutosha cha kusaga wanga, na uji wa mahindi unavuruga ufyonzaji wa madini ya chuma. Uji mwepesi ni maji na wanga kidogo, chini kabisa ya maziwa yako kwa mafuta na protini.

Siku nne si nyingi. Hujaharibu kitu. Acha uji na maji leo, mnyonyeshe kila anapotaka kwa siku tatu nne zijazo, jioni zaidi, na mwili wako utarekebisha wenyewe. Wala usimwongezee asali au dawa ya chupa ya tumbo badala yake. Asali hasa, mtoto hapewi kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli na pumzi. Kwa kilio chenyewe mbebe wima, mvue kidogo, toka naye nje upepo wa bahari unapoanza, mpe titi tena. Na mpokezane. Mtu mwingine mwenye mikono isiyochoka humtuliza haraka kuliko wewe uliyechoka.

Faida kwa mtoto nitakuanzia na ile ninayoiona kubwa kuliko zote mjini kwetu. Unajua maji tunayokunywa: ya visima vya chumvi, ya mitungi ya mkokoteni, ya mfereji unaotoka siku mbili kwa wiki. Unajua pia kwamba kuhara, na hata kipindupindu, si hadithi Mombasa. Sasa wewe unapita Kisauni, unapanda matatu, unashika pesa, unavuta hewa na kumeza vijidudu vya mtaa huo. Utumbo wako unavitambua. Chembe za kinga zilizovitambua husafiri kwa damu hadi kwenye titi, na huko hutengeneza kingamwili za vijidudu hivyo hasa, zikaingia kwenye maziwa, zikaupaka utumbo wa mtoto kama rangi ya chokaa ukutani. Yaani mwanao analindwa na magonjwa ya Kisauni, ya wiki hii. Hakuna kiwanda chochote duniani kinachojua mtaa wako una wadudu gani leo. Juu ya hapo maziwa yako yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ziko kwa ajili ya kuwalisha bakteria wema wa tumboni, na wao huwanyima nafasi wabaya. Ukitia maji na uji mapema, unaleta vijidudu na kuuvuruga ulinzi huo kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana watoto wanaonyonya tu miezi sita ya kwanza huugua kuhara na nimonia kwa uchache sana kuliko wengine, na huambukizwa masikio mara chache. Vifo vya ghafla vya usingizini navyo hupungua. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha hesabu kwamba kama karibu akina mama wote duniani wangenyonyesha inavyoshauriwa, vifo 823,000 vya watoto vingeepukwa kila mwaka, na vya akina mama 20,000 vya saratani ya titi. Nami nitakuwa mkweli: utasikia pia kwamba kunyonyesha huzuia pumu na mizio yote, au humfanya mtoto awe mtaalamu wa hesabu. Ushahidi wa mzio ni dhaifu, na wa akili upo lakini tofauti ni ndogo. Sihitaji kukutilia chumvi. Kuhara na nimonia peke yake zanitosha.

Wewe je? Swali lako limenifurahisha, kwa sababu akina mama wengi huuliza ya mtoto tu, kana kwamba wao ni chombo cha kupitishia. Kunyonyesha mara tu baada ya kujifungua hukaza mji wa mimba na kupunguza damu. Mwanamke aliyenyonyesha huwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha ukubwani baadaye, na Pwani yetu hii ya mahamri na chai ya sukari hilo si dogo. Hatari ya saratani ya kifuko cha mayai nayo hupungua.

Na saratani ya titi, iliyokugusa mamako. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 na wakaona kwamba kwa kila miezi 12 mwanamke anayonyonyesha, ukijumlisha watoto wake wote, hatari hupungua kwa asilimia 4.3, na hiyo ni mbali na upungufu unaoletwa na kuzaa kwenyewe. Wakati wa kunyonyesha hedhi huchelewa kurudi, titi linapumzika na ile mipando na mishuko ya vichocheo vya kila mwezi. Tena chembe za titi zinazotengeneza maziwa hukomaa, na chembe iliyokomaa ni ngumu kidogo kuharibika. Miaka miwili kwa mtoto huyu, miaka miwili kwa mwingine, kinga inajijenga.

Lakini usiichukue kama kafara ya kuondoa balaa. Hupunguza hatari, haifuti. Mama aliyeugua akiwa na miaka 44 ni jambo la kumweleza daktari wako ana kwa ana, ajue ni nani wengine katika ukoo walioumwa, akupangie uanze kuchunguzwa ukiwa na umri gani, pengine mapema kuliko wengine. Na ukihisi uvimbe sasa hivi unaponyonyesha, mwingi wake ni mrija ulioziba au maziwa yaliyoganda, nao hulegea kwa kunyonyesha na kubandika kitambaa cha baridi. Uvimbe usioondoka kwa wiki mbili upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Haina madhara kwa maziwa, na usikubali mtu akuambie ungoje hadi umwachishe mtoto. Hapo ndipo wanawake huchelewa.

Mifupa ni kweli hutoa chokaa kidogo, yaani madini ya kalsiamu, miezi ya kunyonyesha, asilimia chache, kisha huirudisha baada ya kuachisha. Waliozaa na kunyonyesha wengi hawana mifupa dhaifu kuliko wengine uzeeni. Kifua huanguka kwa sababu ya mimba yenyewe, uzani kupanda na kushuka, umri na sigara. Asiyenyonyesha kabisa naye kitaanguka vile vile. Kula tu, dada yangu. Kunyonyesha kunakula nguvu za kama sahani moja ya ziada kwa siku, na ule uji wa pilipili manga wa wazazi ni mzuri, ila usiwe peke yake: samaki, mbaazi za nazi, mchicha, mayai, matunda. Hata hivyo mama mwenye chakula cha kawaida hatoi maziwa mabovu. Mwili humpa mtoto kwanza, wewe baadaye, na anayedhoofika ni wewe.

Kuna moja hukuniuliza, lakini najua limekwisha kunong'onwa ndani: kubemenda, kwamba mume na mke wakikutana mtoto anayenyonya atadhoofika. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa. Kilichowaogopesha wazee naamini ni kingine walichokiona kwa macho yao: mimba ya haraka, mama anamwachisha mtoto ghafla, na mtoto anakonda kweli. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa na mahali pa kukaa, na dawa yake leo ni uzazi wa mpango. Kunyonyesha kwenyewe hukinga mimba kwa zaidi ya asilimia 98, kwa masharti matatu yakitimia yote: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu usiku na mchana bila kupewa kingine. Wewe kwa siku hizi nne sharti la tatu limevunjika, na ukirudi kazini litalegea tena. Zungumza na muuguzi kuhusu njia isiyogusa maziwa, kama kijiti cha mkononi, kitanzi, au vidonge vya akina mama wanaonyonyesha. Vile vidonge vya kawaida vya vichocheo viwili visubiri hadi miezi sita.

Sasa kazi. Maziwa hayachachi kifuani. Ndani ya titi hayaguswi na hewa, na joto lake ni lile lile la mwili, uwe juani ufukweni au kwenye ofisi ya kiyoyozi. Yanatengenezwa na kufyonzwa wakati wote. Ukirudi jioni, kaa, kunywa maji, mpe titi. Huna haja ya kukamua ya kwanza na kumwaga.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, si chooni, na akupe vipindi vya mapumziko vyenye jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, juu ya mapumziko ya kawaida. Nenda kwa meneja wako wiki hizi, kabla ya kurudi, uulize chumba kiko wapi na friji ipi utatumia. Ukimngoja akuulize yeye, hataulizia. Na hoteli haikosi friji.

Anza kujifunza kukamua kwa mkono wiki mbili kabla. Nawa mikono, kanda titi taratibu, weka kidole gumba na vingine nyuma ya ule weusi wa chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Siku ya kwanza utapata vijiko viwili na utakata tamaa. Usikate; mashine wala mkono haukamui kama mtoto, na hicho unachokiona chomboni hakipimi kilichomo ndani. Mtoto wako kwa siku nzima anahitaji kama mililita 750 hivi, kwa hiyo saa tisa au kumi ukiwa mbali zinatosha mililita 300 au zaidi kidogo, akigawiwa mara tatu. Kazini kamua mara mbili au tatu.

Kuhifadhi ndiko kunakohitaji hadhari ya kwetu. Utaambiwa maziwa hukaa mezani saa nne, lakini hesabu hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 25. Mombasa mwezi Februari au Machi chumba hupita nyuzi 30 bila shida. Kwa hivyo wewe usiweke mezani: yakitoka kifuani yaende kwenye friji, au kwenye kibaridi chenye barafu, yatakaa humo hadi saa 24 mradi barafu iwe bado imara. Kwenye friji siku nne, kwenye friza miezi. Andika tarehe. Stima ikipotea usiku mzima, usibahatishe. Mafuta yatajitenga juu, na hayo siyo kuharibika, tikisa polepole. Pasha kwa kukiweka chombo ndani ya maji moto, si jikoni motoni. Kilichobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa kisipite saa mbili.

Na yaliyokamuliwa anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa. Kikombe huoshwa na kuchemshwa kirahisi, chupa na chuchu ya mpira huficha uchafu, na mtoto aliyezoea chuchu ya mpira huweza kuusahau mshiko wa titi. Hapa ndipo ninapomhitaji mavyaa wako. Mwambie kwa heshima kwamba daktari amesema kazi hii haifai mtu mwingine isipokuwa yeye: kumpakata mjukuu wima, kumgusisha kikombe mdomoni na kumwacha alambe mwenyewe. Mavyaa wengi wanaoleta uji wanachotafuta ni nafasi ya kumhudumia mtoto, na wakipewa nafasi yenye maana huuacha.

Maziwa ya kopo sitayatukana. Yapo mahitaji ya kweli: mama anayetumia dawa za saratani, mama asiyekuwepo, mtoto mwenye ugonjwa nadra wa kuzaliwa unaomzuia kusaga maziwa (huyu hupewa kopo maalumu, si la kawaida), au matiti ambayo kweli hayatoshi baada ya mtaalamu kuchunguza. Hilo la mwisho lipo, ingawa ni kwa wachache. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye, akitumia dawa zake kila siku na mtoto akipewa zake za kinga, hapa Kenya hushauriwa anyonyeshe. Akiwa na haja, kopo ni chakula na hakuna aibu. Ila wewe kwa ulivyonieleza huna haja hiyo. Utanunua kopo kila wiki, utachemsha maji kila mara, na siku pesa zitakapopungua utaanza kupunguza vijiko na kuongeza maji, na hapo mtoto hukonda huku akionekana ameshiba. Nchini Kenya utafiti wa taifa wa 2008 na 2009 ulikuta asilimia 32 tu ya watoto walio chini ya miezi sita wananyonya pekee. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 60. Hao rafiki zako wasikufanye udhani umebaki nyuma peke yako. Baada ya miezi sita ndipo uji wa haki uingie, mzito, wenye mafuta na samaki aliyepondwa, na titi liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Kuna mambo hayangoji. Mkimbize hospitali mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, maana chini ya miezi mitatu homa haipimwi kwa macho. Akikataa kabisa kunyonya, akilala asiamshike, akipumua kwa kasi au mbavu zikiingia ndani, akitapika rangi ya kijani, akichanganya kinyesi na damu, akitingishika kwa degedege, au nepi zikishuka chini ya nne. Kilio kisichonyamaza hata akibebwa, cha sauti usiyoijua, nacho apelekwe. Wewe, titi likiwa jekundu, moto, na una homa isiyopungua kwa siku moja, uonekane, na uendelee kunyonyesha titi hilo hilo. Chuchu zikipasuka na kuuma kila mara, mshiko wa mtoto si sahihi, na hilo hurekebishwa kwa dakika kumi na mtu anayejua. Na ukijikuta na huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru, usiyafiche. Sema siku hiyo hiyo.

Kwa sasa, wiki ijayo mpeleke kliniki iliyo karibu nawe apimwe tena, siku saba baada ya kuacha uji. Mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha kutoka mwanzo hadi mwisho, asiishie kwenye mizani tu. Na mavyaa aende nawe, asimame karibu, namba aisome yeye.